Tangazo Hufika, Sharti Hubaki Njiani: Jinsi Habari Zinavyojenga Uelewa wa Sera ya Afya Uganda

Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, serikali ya Uganda ilifuta ada za matibabu katika vituo vyake vya afya. Habari ilienea kwa neno moja: bure. Redioni, kwenye mikutano ya kampeni, kwa wenyeviti wa LC (mabaraza ya vijiji na mitaa), neno lilikuwa hilohilo. Watu wakaenda. Foleni za wagonjwa wa nje zikarefuka, na wengi walioongezeka walikuwa maskini ambao ada, hata ikiwa ndogo, ilikuwa imewazuia kumwona musawo, yaani mganga wa kituo.

Tangazo lile lilikuwa la kweli, lakini lilisafiri bila masharti yake. Ada ilifutwa katika vituo vya serikali tu. Hospitali za misheni kama Nsambya, Lacor na Mengo hazikuwa vituo vya serikali, hivyo ziliendelea kutoza. Ndani ya hospitali za serikali zenyewe, wodi za kulipia zilibaki za kulipia. Na dawa zilikuwa za bure pale zilipokuwepo stoo. Mgonjwa aliyesikia "bure" alielewa kwamba kila kitu ni bure, kila mahali, kila siku. Alipoandikiwa dawa kwenye kikaratasi na kuambiwa akainunue duka la nje, alikuwa na maelezo mawili tu kichwani: ama serikali imedanganya, ama musawo ameiba.

Wizi wa dawa ulikuwepo kweli. Ndiyo maana mwaka 2009 Ikulu iliunda kikosi cha kufuatilia dawa na huduma za afya, na ndiyo maana dawa za serikali hupigwa chapa ya kuzuia zisiuzwe. Ila stoo huweza kuwa tupu bila mwizi yeyote. Ghala la taifa la dawa, NMS, hupeleka mzigo kwa mizunguko ya miezi miwili miwili. Kwa miaka mingi vituo vya ngazi ya pili na ya tatu vilipelekewa maboksi yaliyofungwa tayari kwa kiwango kimoja, huku vituo vya ngazi ya nne na hospitali zikiagiza zenyewe. Kituo kilichopokea boksi sawa na jirani yake, lakini chenye wagonjwa wengi zaidi, kiliweza kumaliza dawa ya malaria wiki ya tano na kukaa wiki tatu bila kitu. Mwananchi aliyeelezwa mzunguko huu anajua la kuuliza: mzigo wa mwisho uliingia lini, uliandikwa nini, na unaofuata unaingia lini. Aliyeambiwa "bure" peke yake hana swali la kuuliza. Ana hasira tu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Sera ya afya haimfikii mtu ikiwa nzima. Inamfikia ikiwa sentensi moja, na kinachokatwa ili sentensi itoshe ni sharti, karibu kila mara: kwa nani, kuanzia lini, wapi, kwa fedha za nani. Kichwa cha habari kinaweza kuwa kweli neno kwa neno na bado kikampotosha msomaji, kwa sababu katika sera ya afya sharti ndilo linaloamua kama mama anapanda boda kwenda kituoni leo au anabaki nyumbani.

Njia ya waraka hadi sikioni

Waraka wa wizara huandikwa Kampala kwa Kiingereza, kurasa mbili au tatu, na unawahusu maofisa wa afya wa wilaya na wakurugenzi wa hospitali. Haukuandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Mtu mmoja huupiga picha, na picha inaingia WhatsApp kabla wizara haijaandaa tamko. Mwandishi wa habari anaupata huko. Ana saa moja mpaka taarifa ya saa saba, na sehemu yake redioni ni sekunde 40. Anachukua aya ya kwanza na kitenzi chenye nguvu kuliko vyote.

Kutoka hapo habari huingia katika Kiluganda, Kirunyankore, Kiacholi, Kilugbara. Kiswahili mara nyingi hufika mwishoni. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini mabango na matangazo ya afya yanaendelea kuandaliwa kwanza kwa Kiingereza na lugha za mikoa. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili wa Busia, wa kambi ya jeshi ya Bombo, wa soko la Arua, au mkimbizi kutoka Kongo aliyeko Rwamwanja au Kyangwali, hupokea habari iliyopita katika midomo mitatu au minne. Kila mdomo umepunguza kidogo. Wa mwisho mara nyingi ni kizindaalo, kile kipaza sauti cha kwenye mlingoti wa senta ya biashara. Kizindaalo kina sifa moja ambayo redio haina: anayetangaza anajulikana kwa jina na nyumba yake inajulikana. Kikitangaza vizuri kinaaminiwa kuliko kituo chochote cha Kampala. Kikikosea, kosa nalo linaaminiwa hivyohivyo.

Pesa nazo zina sehemu yake. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa kila habari iliyotoka, na nauli ya kwenda kwenye tukio hutolewa na aliyeandaa tukio. Vipindi vingi vya mazungumzo kuhusu afya hununuliwa na mradi, shirika au idara. Matokeo yake uzinduzi wa chanjo unapata nafasi kubwa, wakati dawa zilizoisha stoo Jumanne ya kawaida hazina wa kuzilipia nauli. Msikilizaji anabaki na picha ya sera inayozinduliwa kila siku na isiyoonekana kituoni.

"Serikali yafunga kliniki za HIV"

Mfano wa kuuangalia kwa karibu ni wa Februari 2025. Mwezi uliotangulia Marekani ilikuwa imesitisha misaada yake ya nje, na fedha hizo ndizo zilizokuwa zikilipa sehemu kubwa ya huduma za HIV nchini, zikiwemo ajira za wahudumu wengi. Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za HIV na kifua kikuu zilizokuwa zikijitegemea ndani ya hospitali na vituo ziondolewe, na huduma zake ziunganishwe na za wagonjwa wa nje na za magonjwa ya kudumu. Vichwa vya habari vilibeba kitenzi kimoja: kufunga.

Uganda ina watu takriban milioni 1.5 wanaoishi na virusi vya HIV. Mtu anayemeza ARV, dawa za kudhibiti HIV, akisikia kliniki yake imefungwa, wiki chache baada ya Marekani kusitisha misaada, anaunganisha mambo mawili na kupata la tatu ambalo halikusemwa: dawa zimekwisha. Mwingine ataanza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku inayofuata ili chupa idumu. Kitabibu hilo ni baya sana, kwa sababu dawa ikipungua mwilini virusi hupanda, na vinaweza kujifunza kuishinda dawa hiyohiyo. Wizara ilitoa ufafanuzi kwamba huduma zinaendelea, lakini ufafanuzi haukimbii kama tishio.

Mpango wenyewe ulikuwa na maswali halali ambayo habari za "kufunga" hazikuyagusa. Kliniki ya pekee ilimpa mgonjwa wahudumu wanaomjua na faili lake mahali pamoja. Ilimtambulisha pia: aliyeonekana amekaa kwenye benchi lile alijulikana anaumwa nini. Kuunganisha huduma kunaondoa alama hiyo, lakini kunamtupa kwenye foleni ya watu wote, pengine mbele ya jirani yake, na faili lake linapita mikono mipya. Faida na hasara zote mbili ni za kweli. Msikilizaji aliyepewa zote mbili anaweza kudai kituo chake kifanye kazi vizuri. Aliyepewa neno "kufunga" anaweza kuogopa tu.

Tangazo la redio lingeweza kubeba yote hayo? Sehemu kubwa, ndiyo. Sekunde 45 zinabeba maneno 80 hadi 90 yakisomwa kwa utulivu. Kwa wilaya yenye wasikilizaji wa Kiswahili, lingeweza kwenda hivi:

"Ndugu unayemeza ARV, dawa zako zipo, na ni bure kama zamani. Kilichobadilika ni chumba. Kuanzia Jumatatu tarehe fulani, katika kituo chetu utahudumiwa upande wa wagonjwa wa nje, pamoja na wenye presha na kisukari. Njoo siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi yako. Faili lako limehamishwa na linafungiwa kwa kufuli, na ugonjwa wako hautatajwa kwa sauti. Usipunguze dozi, usisubiri nyumbani. Ukifika ukakosa dawa, mwone msimamizi wa kituo siku hiyohiyo, au mwambie VHT, mhudumu wa afya wa kijiji chako."

Tazama mpangilio. Jambo la kwanza ni lile ambalo msikilizaji anaogopa, likijibiwa kabla hajabadilisha stesheni. La pili ni mabadiliko, kwa maneno matatu. Baada yake zinafuata tarehe, mahali na la kufanya. Mwisho ni njia ya kulalamika, ambayo matangazo mengi huiacha kwa sababu wanaoyalipia hawapendi kukiri kwamba mambo yanaweza kuharibika. Kuiacha ni kosa kubwa. Mtu aliyeambiwa mapema afanye nini akikosa dawa hurudi. Asiyeambiwa hutoweka, na kituo hakijui mpaka azidiwe.

Kuna kanuni moja isiyo na mjadala: sentensi ya kufuli hairekodiwi mpaka mtu amekwenda yalipo mafaili na kuliona kufuli. Sentensi ya "dawa zipo" hairekodiwi mpaka mtunza stoo amefungua leja na kusema zilizopo zinatosha miezi mingapi. Ahadi moja ya redio ikivunjika dirishani huharibu matangazo mengi yanayofuata.

Namba mbili zinapokuwa sahihi zote

Ebola ya Mubende ilitangazwa Septemba 20, 2022 na kutangazwa imekwisha Januari 11, 2023. Waliokufa ni wangapi? Ukisoma 55, ni sawa. Ukisoma 77, ni sawa pia. Hamsini na watano walithibitishwa kwa kipimo cha maabara. Wengine 22 walikufa na kuzikwa kabla sampuli haijachukuliwa, lakini dalili zao na uhusiano wao na wagonjwa waliothibitishwa viliwafanya wahesabiwe kuwa huenda walikuwa na Ebola. Waliougua nao wako hivyohivyo: 142 waliothibitishwa, na ukiongeza wale 22 wanakuwa 164. Ukigawa 55 kwa 142, vifo ni karibu asilimia 39. Ukigawa 77 kwa 164, ni asilimia 47.

Mwandishi anayechukua 77 na kuzigawa kwa 142 anapata asilimia 54, namba isiyo na maana yoyote, nayo ni rahisi kuipata kwa sababu tarakimu zote mbili ziko kwenye taarifa moja. Msomaji anayeona 55 kwenye gazeti moja na 77 kwenye jingine anahisi kuna mtu anaficha maiti. Dawa yake ni maneno mawili ndani ya sentensi ileile: "waliothibitishwa" au "jumla". Yanachukua nafasi ndogo kuliko jina la waziri.

Aina ya Ebola ndilo sharti lililopotea vibaya zaidi, na walioumizwa na kupotea kwake ni watu wa mpakani. Juni 2019 wagonjwa kutoka Kongo walipatikana Kasese, upande wa Bwera, na waliokutana nao wakachanjwa. Ile ilikuwa Ebola ya aina ya Zaire, na chanjo ya Ervebo inafanya kazi dhidi yake. Mwaka 2022 Mubende ilikuwa na aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Mtu wa Kasese aliyeona jirani yake akichanjwa 2019, akasikia 2022 kwamba "Ebola haina chanjo", ana haki ya kushangaa. Jina moja, majibu mawili. Tangazo lililotaja "Ebola" bila kutaja aina lilimfanya aone kwamba Mubende inanyimwa kitu ambacho Kasese ilipewa.

Kisha kuna "haina dawa". Kimaabara ilikuwa kweli kwamba hapakuwa na dawa iliyoidhinishwa ya kuua kirusi cha aina ya Sudan. Sikioni mwa mgonjwa maana yake ni: hospitali utakwenda kufa tu, afadhali ukafie kwako. Ujumbe wa namna hiyo uliwaweka watu mbali na vituo Afrika Magharibi mwaka 2014. Mubende wagonjwa walikwenda kwa waganga wa kienyeji, hadi rais akaagiza waganga waache kuwapokea, na Oktoba 15 Mubende na Kassanda zikafungwa. Kilichopaswa kusemwa tangu siku ya kwanza ni kwamba maji ya mshipani, chumvi za mwili, oksijeni na kutibu malaria iliyoambatana nayo huongeza uwezekano wa kupona, na kwamba anayefika mapema ana nafasi nzuri kuliko anayefika amezidiwa. Hayo ni matibabu. Yaitwe matibabu.

Hesabu ya siku nayo inahitaji sababu yake. Ebola hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya mtu kuambukizwa. Kwa hiyo aliyekutana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21. Mlipuko hutangazwa umekwisha baada ya siku 42, yaani mara mbili ya hizo, zikihesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho apone na kupimwa hana kirusi, au azikwe. Bila sababu hizi, siku 21 za kukaa ndani zinaonekana adhabu aliyoitunga mkuu fulani.

Mwaka 2025 mlipuko mwingine wa aina ya Sudan ulitangazwa Kampala Januari 30, na Februari 3 majaribio ya chanjo yakaanza. Neno "majaribio" lilihitaji maelezo kuliko lilivyopewa: walengwa ni waliokutana na mgonjwa, anayekubali huelezwa na kutia saini, anayekataa haadhibiwi. Habari ya sekunde 40 iliyosema "chanjo ya majaribio yaanza Kampala" ilimfikia mtu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale kama habari ya kujaribiwa watu.

Asilimia 60 ya nini?

Mwaka 2010 Uganda ilizindua sera ya tohara salama ya wanaume. Msingi wake ulikuwa tafiti tatu, mmoja wa Rakai nchini Uganda, mwingine Kenya, mwingine Afrika Kusini. Kwa pamoja zilionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa HIV na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Namba hiyo ilibandikwa kila ukuta.

Asilimia 60 ni rahisi kusikika kama kinga: mara sita kati ya kumi niko salama. Utafiti wa Rakai wenyewe, wenye wanaume karibu 5,000 na uliositishwa Desemba 2006, unaeleweka vizuri zaidi kwa vichwa vya watu. Kati ya wanaume 1,000 wasiotahiriwa, kwa mwaka mmoja waliambukizwa 13 hivi. Kati ya 1,000 waliotahiriwa, 7 hivi. Ukiisoma hivyo unaona mambo mawili kwa pamoja: tohara inasaidia sana, na bado kuna saba. Unaona pia kwa nini mwanamume huyohuyo anapewa kondomu siku anayotoka kwenye upasuaji.

Masharti yaliyobaki njiani yalikuwa mengi: kidonda kinahitaji takriban wiki sita bila ngono, na kabla hakijapona hatari inaongezeka. Kinga ni ya mwanamume anayelala na mwanamke. Mke hakingwi moja kwa moja kwa tohara ya mumewe. Hilo la mwisho lilipaswa kutangazwa kwa wanawake, na matangazo yaliwalenga wanaume.

Namba za vifo vya uzazi zinahitaji uangalifu uleule. Miaka ya 2010 kaulimbiu iliyovuma ilikuwa "wanawake 16 hufa kila siku" kwa uzazi. Kumi na sita mara 365 ni 5,840, karibu 6,000 kwa mwaka. Ilikuwa kauli yenye nguvu, na ilisaidia kesi ya vifo vya uzazi iliyofunguliwa mwaka 2011 isisahaulike hadi Mahakama ya Katiba ilipoamua mwaka 2020 dhidi ya serikali. Lakini namba za utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya zimesogea: vifo 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016, na 189 mwaka 2022. Anayeendelea kutangaza 16 anawapa wapinzani wa hoja yake silaha. Anayetangaza 189 kama picha ya mwaka 2022 peke yake anakosea kwa upande wa pili, kwa maana utafiti huo huwauliza watu kuhusu dada zao waliofariki na hukusanya vifo vya miaka kadhaa nyuma.

Kosa la ahadi pana

Aprili 2, 2025 chanjo ya malaria ilizinduliwa Apac. "Chanjo ya malaria imefika Uganda." Ni kweli. Ilianza katika wilaya 105 zenye maambukizi makubwa na ya wastani, kwa watoto wadogo, katika miezi ya 6, 7, 8 na 18. Mama aliyebeba mtoto wa miaka mitatu na kurudishwa anatoka na neno baya kuhusu chanjo, na neno hilo linafika kijijini kabla ya VHT. Dozi ya nne ndiyo inayosahaulika kirahisi, maana inakuja miezi kumi baada ya ya tatu, mtoto anatembea na mama hana tena mazoea ya kliniki. Tarehe yake iandikwe kwenye kadi siku ileile ya dozi ya tatu, na redio izungumzie mwezi wa 18 peke yake, kama habari kamili inayojitegemea. Chandarua kinabaki kitandani. Hilo nalo lisemwe kila mara.

Zipo nyakati ambapo ujumbe ulibeba sharti lake tumboni. Mei 1986 Waziri wa Afya Ruhakana Rugunda alisimama Geneva akasema wazi kwamba Uganda ina UKIMWI, wakati serikali nyingi zilikuwa kimya. Baadaye ngoma za Radio Uganda zilitangulia kila ujumbe, na kaulimbiu ya "zero grazing" ikawaambia watu wasichungie nje ya boma lao, yaani wasitafute wapenzi nje ya nyumba zao. Mwenye wake wawili aliielewa bila kufafanuliwa, kwa sababu haikumwambia habari za ndoa asiyokuwa nayo. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba anaumwa, akazunguka shuleni na makanisani, akafariki Desemba mwaka huohuo. Kushuka kwa maambukizi baada ya hapo kulikuwa na sababu kadhaa, vikiwemo vifo vyenyewe, na matangazo peke yake hayastahili sifa yote. Yanastahili sifa ya kusema kitu ambacho mtu aliweza kukifanya usiku uleule.

Namna ya kurekebisha kilichopotoka

Uvumi ukishaingia, tabia ya kwanza ya ofisi nyingi ni kuurudia ili kuukana. "Si kweli kwamba chanjo inaua watoto." Msikilizaji aliyewasha redio katikati anapata nusu ya pili. Anza na ukweli, taja uvumi mara moja tu, eleza ulikotoka, kisha rudi kwenye ukweli na la kufanya. Ulikotoka ni muhimu, kwa kuwa uvumi mwingi una mbegu ya kweli: mtoto aliyepata homa baada ya sindano, au chupa iliyotupwa kwa sababu muda wake ulikuwa umepita. Ukiificha mbegu, watu walioiona kwa macho watakuita mwongo.

Marekebisho yarushwe saa ileile habari mbovu iliporushwa, na sauti ileile, mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Gazeti linalokosea ukurasa wa kwanza na kusahihisha ukurasa wa 27 halijasahihisha. Mitandaoni kazi ni ngumu zaidi: Facebook imezuiwa Uganda tangu Januari 2021, wengi wanaingia kwa VPN, na mazungumzo mazito yamehamia kwenye sauti za WhatsApp ambazo hakuna ofisi inayoziona. Njia inayofanya kazi ni kumpa VHT sauti yake mwenyewe ya dakika moja, kwa lugha ya kijiji, aitume kwenye makundi ambayo tayari yumo. Katika makazi ya wakimbizi sauti hiyo iwe ya Kiswahili cha Kongo. Kiswahili cha taarifa ya habari pale huonekana cha ofisi, na ofisi ndiyo inayotiliwa shaka.

Muswada si sheria

Machi 31, 2021 Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa. Vichwa vya habari vilisema Uganda sasa ina bima ya afya, na haikuwa nayo. Baada ya kupitishwa, muswada hupelekwa kwa rais, ambaye kwa ibara ya 91 ya Katiba ana siku 30 za kutia saini, kuurudisha au kukataa. Ukitiwa saini huchapishwa katika Gazeti la Serikali, na huweza kuhitaji tarehe ya kuanza na kanuni za utekelezaji kabla mtu yeyote hajakatwa au kutibiwa. Muswada ule haukupata saini, na Bunge la 10 likamaliza muda wake Mei 2021. Kazi ya kuandika ikarudi wizarani.

Mjadala wa redioni ulielemea kwenye makato. Katika muswada uliopelekwa bungeni mwaka 2019, mwenye mshahara angechangia asilimia 4, mwajiri asilimia 1, na aliyejiajiri shilingi 100,000 kwa mwaka. Kwa mshahara wa 500,000 hiyo ni 20,000 kila mwezi kutoka kwa mfanyakazi na 5,000 kutoka kwa mwajiri. Watu walizijua namba hizi vizuri. Walichokijua kidogo ni kile ambacho pesa hiyo ingenunua: vituo gani, magonjwa gani, wanafamilia wangapi, na kama kituo kisicho na dawa leo kingekuwa nazo kesho kwa sababu ya kadi.

Muswada mwingine ukichapishwa, anayeufungua aanze nyuma. Majedwali ya mwisho ndiko huwekwa viwango vya michango na orodha ya huduma. Kisha atafute kifungu cha kuanza kutumika na vile vinavyosema waziri "ataweka kanuni", kwa sababu kila lililoachiwa kanuni halijaamuliwa bado. Mwandishi anayekwenda studio na karatasi hizo mbili au tatu mkononi anaweza kumwuliza mgeni wake swali moja ambalo mwendesha boda wa Malaba anataka kulisikia: nikilipa laki moja Januari, nikaanguka Machi, nipelekwe wapi na nionyeshe nini mlangoni?